Mimi Ni Mtu wa Kopi, Si Daktari

Kwa Mhariri,

Nina kibanda cha kopi mkabala na lango la hospitali moja ya umma hapa Kisumu. Natoa nakala, napiga chapa, naskani, nawalaminishia watu vyeti na kuuza bahasha za kaki. Kazi hiyo naijua. Nisiyoijua, na wala sikuiomba, ni ya kuwasomea wagonjwa karatasi zao, lakini siku hizi ndiyo inayonilia asubuhi nzima. Mtu anatoka langoni na karatasi aliyoikunja mara nne, anapenya katikati ya tuktuk na bodaboda, anafika dirishani kwangu: "Kijana, hebu niangalizie hapa wameandika nini." Kopi hataki. Anataka kujua anaugua nini.

Vijana wa bodaboda wa stejini wamenibatiza daktari wa kopi. Wacheke tu. Shule yangu iliishia kidato cha nne, na biolojia nilipata D.

Nawaandikia wakuu wa hospitali za huku kwetu, Nyanza na Magharibi, pamoja na mawaziri wa afya wa kaunti, maana tangu ugatuzi uanze 2013 hospitali nyingi ziko mikononi mwao. Ombi langu ni moja. Mgonjwa asiachwe atoke langoni kabla mtu wa hospitali hajakaa naye akamsomea karatasi yake kwa lugha anayoielewa.

Nianze na tarehe, maana ndiyo iliyoniogopesha kuliko yote. Mwaka jana, mwezi wa nane, alikuja mama wa makamo kutoka pande za Ahero. Mumewe alikuwa ameruhusiwa siku hiyo hiyo, ameketi kwenye benchi langu na koti amelivaa licha ya jua la Kisumu. Mama alitaka kopi mbili za karatasi ya kuruhusiwa, moja ya nyumbani na moja ya mwanawe anayefanya kazi Nakuru. Mashine ikiwa bado inapata moto nikamuuliza, kwa mazoea tu, mzee anarudi kliniki lini. "Tarehe moja Desemba," akanijibu, na kunionyesha kwa kidole. Kweli, chini kabisa palikuwa pameandikwa TCA 1/12.

Nyuma yake alisimama kijana mmoja, afisa wa kliniki, aliyekuwa akisubiri kopi za vyeti vyake vya kuombea kazi. Alichungulia, akashtuka. "Mama, hiyo si tarehe. Ni mwezi mmoja. Mzee anatakiwa mwezi ujao." Akaomba mfuko wa dawa, akahesabu vidonge vya presha na vya sukari. Vyote vilikuwa vya siku 30. Sasa piga hesabu mwenyewe, Mhariri. Dawa zinaisha katikati ya Septemba na familia nzima, yenye akili timamu na inayompenda mzee wao, imekaa inangoja Desemba. Presha na sukari hazingoji. Mtu anaweza kujisikia mzima kabisa wiki zote hizo hadi asubuhi anapoamka upande mmoja umelala.

Yule kijana alitufundisha pale pale dirishani. Namba ya chini ikiwa 7 ni siku, ikiwa 52 ni wiki, ikiwa 12 ni miezi. Kwa hiyo 3/7 ni siku tatu, 2/52 ni wiki mbili. TCA ni herufi tu za Kiingereza za kusema mgonjwa arudi. Wao kwa wao wanaelewana vizuri sana, na kwenye faili linalobaki wodini waandike watakavyo, sina neno. Lakini karatasi ile haikuandikiwa daktari mwingine. Alipewa mama wa Ahero aende nayo nyumbani. Kuandika "arudi tarehe 14 Septemba" kungemla daktari wino kiasi gani?

Bahasha za dawa nazo zina yake. "1x3x5/7" ni kidonge kimoja, mara tatu kwa siku, kwa siku tano. Nimeona mzee akiipigia hesabu kwa simu, akapata mbili nukta kitu, kisha akaniuliza kidonge atakikata vipi.

Halafu kuna hili neno "positive". Hapa kwetu, tangu virusi vya ukimwi vituingilie, neno hilo lina maana moja tu masikioni mwa watu. Sasa binti mmoja, mama wa mtoto ambaye hajafikisha hata miaka miwili, akapewa karatasi ya maabara ya mwanawe imeandikwa "Sickling test: POSITIVE", akaambiwa ailete kwa daktari kesho yake kwa kuwa siku hiyo daktari alikuwa ameshaondoka. Alifika kwangu hawezi kuongea. Alipokuwa mjamzito alipimwa kliniki akaambiwa yuko sawa, kwa hiyo kichwani mwake alikuwa ameshamhukumu mumewe, na simu ilikuwa mkononi tayari kumpigia. Nilichoweza kumwambia ni kwamba kipimo hicho si cha virusi, arudi ndani amshike nesi yeyote asimwachilie. Alirudi. Alikaa huko muda mrefu, akatoka ametulia kidogo, bila kunitazama.

Nesi mmoja ambaye ni mteja wangu alinieleza baadaye kile ambacho huyo binti alistahili kuelezwa mapema. Kilikuwa kipimo cha selimundu, ugonjwa wa damu ambao wengi hapa tunauita siko seli, na ambao unapatikana sana katika ukanda huu wa ziwa kwa sababu ni nchi ya malaria tangu mababu. Kipimo hicho cha kwanza hata hakisemi kama mtoto ni mgonjwa au amerithi kwa mzazi mmoja tu na ataishi vizuri. Inabidi kifanywe kingine cha kutenganisha. Akipatikana ni mgonjwa, kuna mengi ya kufanya tena mapema: dawa ya kila siku ya kuzuia malaria, penisilini katika miaka yake ya kwanza mitano, foliki, maji kwa wingi, na joto likipanda tu ni mbio hospitalini bila kungoja kesho. Na wazazi wawili wanaobeba chembe ya urithi ya ugonjwa huo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mwenye ugonjwa. Hayo yote yanaelezeka kwa dakika chache, na yote yanaweza kuokoa mtoto. Badala yake alipewa neno moja kwa herufi kubwa na usiku mzima wa kulitafakari.

Hali hii inaniingiza mahali nisipotakiwa kuwa. Wiki ikiisha nakuwa nimejua nani ana kifua kikuu, mimba ya nani imetoka, na nani amepimwa uvimbe kwenye titi. Wengine wananiambia niskani nimtumie mjomba wao wa Nairobi kwa WhatsApp, amwonyeshe daktari anayemfahamu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, tena Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu azitunze kwa siri. Mimi si mhudumu. Mimi ni mtu mwenye kompyuta kuukuu ambayo mwanangu huchezea gemu siku za likizo. Kila jioni mimi hufuta faili za siku nzima. Majirani wa vibanda vingine sijui wanafanyaje, na hakuna aliyewahi kuja kutuuliza.

Ajabu ni kwamba hospitali hiyo hiyo ambayo habari zake zinazagaa hivi barabarani ni kali ajabu mgonjwa mwenyewe akitaka kuona faili lake. Kuna fundi wa kuchomelea vyuma pale Kibuye ambaye alipewa rufaa kwenda Eldoret. Barua ya rufaa ilikuwa mistari minne. Alikuwa ameshafanyiwa vipimo vingi vya damu na skani aliyoiuzia pikipiki yake, na aliogopa, kwa haki kabisa, kwamba huko aendako wataanza upya. Akaenda dirisha la rekodi kuomba nakala. Akaambiwa faili ni mali ya hospitali. Akauliza afanye nini, akaambiwa awapishe wenzake.

Jalada ni mali ya hospitali, sawa, waliligharimia. Lakini damu iliyopimwa ni yake, na sheria iko wazi kuliko wale wa dirishani wanavyodhani. Katiba, Ibara ya 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na hata zilizo kwa mtu mwingine ikiwa anazihitaji ili kutetea haki yake. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu, na kama habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Ombi linaandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Asiyejua kuandika, afisa wa ofisi hiyo ndiye anayepaswa kumsaidia aandikishe ombi lake. Kanuni za 2021 zilizotungwa chini ya Sheria ya Kulinda Data zinasema mtu akiomba kuona data inayomhusu, apewe ndani ya siku saba, bila malipo. Ofisi ikikaa kimya, unaweza kwenda kwa Tume ya Haki za Utawala, ambayo wengi wanaijua kama Ombudsman, au kwa Kamishna wa Kulinda Data.

Nimezijua sheria hizi kwa sababu wanafunzi wa sheria huja kuchapisha kazi zao kwangu, na karatasi zikitoka polepole mtu husoma. Basi nilimchapia yule fundi barua ya nusu ukurasa, kwa Kiswahili, ikitaja nambari yake ya mgonjwa, wodi, miezi aliyolazwa na vipimo anavyotaka. Karani aliipokea kama aliyeletewa barua ya posa. Kwanza alisema iandikwe kwa Kiingereza. Fundi, ambaye ni mpole kupita kiasi, akamwonyesha mstari uliotaja sheria, akakaa kwenye benchi. Akaitwa bosi wa rekodi, mama mmoja mtu mzima, akaisoma yote, akaigonga muhuri, akasema, "Huyu yuko sawa." Kabla wiki haijaisha alikuwa na nakala zake, na nadhani siku hiyo hata karani alijifunza kitu. Huyo mama wa rekodi simtaji, lakini angepandishwa cheo nisingelalamika.

Kuna watakaosema wahudumu wamelemewa. Ni kweli, na sitaki barua yangu isomwe kama matusi kwao. Wauguzi wengi wa pale ni wateja wangu. Nawaona wakitoka zamu ya usiku macho mekundu, wakija kutoa kopi za barua za kudai mishahara iliyochelewa. Mwaka 2024 madaktari waligoma kwa siku 56, na mimi niliyekaa hapa langoni niliona walivyokuwa wanarudishwa nyumbani watu waliotoka Siaya na Nyando. Nesi mmoja akiwa na wodi nzima hawezi kumfundisha kila mgonjwa biolojia niliyoifeli mimi. Lakini sehemu kubwa ya ninayoyalalamikia haihitaji nesi wa ziada. Tarehe kamili badala ya sehemu ya hesabu haihitaji mtu wa kuajiriwa. Kadhalika kumwambia mgonjwa arudie kwa mdomo wake alivyoelewa kabla hajaondoka: dawa hii nakunywa lini, narudi lini, dalili gani ikinipata nije mbio. Wanafunzi wa uuguzi na wa afya wamejaa pale hospitalini, wanazunguka na makoti meupe yaliyopigwa pasi. Hao wangepewa meza moja karibu na mlango wa kutokea, mgonjwa akipita asomewe, kwa Kiswahili, kwa Dholuo, kwa Kiluhya, kwa lugha yoyote iliyopo. Wangejifunza kuongea na watu huko huko.

Na wala hilo si hisani. Sheria ya Afya, kifungu cha 8, inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, njia za kumpima na kumtibu zilizopo, faida zake, hatari zake na gharama zake, pamoja na haki yake ya kukataa. Inataka aelezwe kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayojali kiwango chake cha kusoma. Mhudumu anaruhusiwa kunyamaza tu pale penye ushahidi mzito kwamba kumwambia mgonjwa hali yake kutamdhuru. Hilo la "tusimwambie atashtuka" limefanywa sasa kichaka cha kujifichia kila mtu, na haki ya Mungu si madaktari peke yao wanaokaa humo. Sisi jamaa ndio wabaya zaidi. Juzi kijana wa watu, mtanashati, kanijia na ripoti ya baba yake kutoka maabara ya uvimbe. Akataka nitoe kopi huku nikiwa nimefunika mistari miwili kwa karatasi nyeupe, ili mzee aone zile namba za juu tu na saini ya daktari. Nilikataa. Akaniambia kwani wewe inakuhusu nini, unauza kopi. Nikamwambia ndiyo, nauza kopi, na kopi ni kitu kinachofanana na cha kwanza. Alikwenda kibanda kingine, na sina shaka alisaidiwa.

Mzee huyo ana shamba, ana wake wawili kwa ninavyojua, ana mambo ya kupanga. Nani aliamua kwamba hana haki ya kujua?

Kuhusu pesa nitasema kidogo tu, maana magazeti yenu yamejaa habari za SHA, bima ya afya ya serikali, tangu ichukue nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Huku langoni malalamiko makubwa hayahusu hata kiasi. Watu wanalalamika kwamba hawakuambiwa mapema. Mtu ameandikishwa, analipa kila mwezi, anaingia akidhani kila kitu kimeshughulikiwa, kisha siku ya kutoka anapewa bili yenye vitu ambavyo havijui na hakuna anayemtengea upande mmoja kilicholipiwa na upande wa pili kilichobaki. Wengine hunijia nijumlishe tena. Kujumlisha naweza.

Sasa kwa wakuu wa hospitali. Kila hospitali ya umma ina lile bango kubwa la huduma pale mbele, lenye huduma, ada na muda wa kungoja. Sheria ya Afya pia inataka utaratibu wa kutoa malalamiko ubandikwe mahali ambapo kila anayeingia atauona. Ongezeni kwenye bango hilo mistari michache: mgonjwa anayetaka nakala za rekodi zake aende chumba gani, aonane na nani kwa cheo chake, na atajibiwa kwa siku ngapi. Iandikwe kwa Kiswahili kwanza. Mkishaliweka, waambieni na walinzi wa langoni, kwa sababu mgonjwa huwauliza wao kabla ya mtu mwingine yeyote, na wao ndio wanaomwelekeza kwangu.

Kwa upande wangu, ile barua ya fundi nimeibakisha kwenye kompyuta bila jina lake wala ugonjwa wake, na nafasi za kujaza. Anayeihitaji aje nimchapie, simtozi. Na hospitali ikikwama kwa maneno ya bango, nitayaandika na kuyachapa kwa herufi kubwa, bure vilevile. Gundi walete wenyewe.

Mwenye kibanda cha kopi,
Kisumu.

(Mhariri, jina langu na nambari ya simu unazo. Naomba usizichapishe, riziki yangu iko kwenye lango hilo hilo.)